Magunia Yasiyorudi Ghalani

Ndugu msikilizaji, mwenye simu pale Lalago, mkoani Simiyu, akiona simu yake imekuwa nzito, huizima na kuiwasha tena. Simu hupata nguvu, lakini baada ya siku chache uzito hurudi. Sababu zaweza kuwa nyingi. Juma hili nitaje moja iliyojificha.

Lalago ni nchi ya pamba, basi tufikirie ghala. Mtunza ghala huazimisha magunia matupu, na kazi ikiisha gunia lirudi. Ndani ya simu, mtunza ghala ni kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na magunia ni kumbukumbu. Simu za Android hutumia kerneli ya Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi mjini Helsinki.

Programu ya kawaida ikisahau kurudisha gunia, siku ikifungwa kerneli hukusanya yote. Lakini mtunza ghala mwenyewe akisahau, nani atamdai? Magunia hupungua moja moja mpaka mashine izimwe. Huko ndiko kuvuja kwa kumbukumbu.

Msidhani ni jambo dogo. Mwaka 1992 mjini London, mfumo wa kompyuta wa kutuma magari ya wagonjwa ulikuwa na kosa la namna hiyo, ingawa si katika kerneli. Kila gari lilipotumwa, kumbukumbu kidogo haikurudi. Baada ya majuma kama matatu, usiku wa kuamkia Novemba 4, mfumo ukasimama, na watumishi wakarudia karatasi huku wagonjwa wakisubiri.

Dawa yake ni nini? Mara nyingi kosa hujificha kwenye mlango wa dharura: kazi imeharibika katikati, programu inatoka mbio, gunia linabaki nje. Fundi huongeza mstari mmoja tu wa kulirudisha. Shida ni kuupata mlango wenyewe. Tangu mwaka 2009 Linux ina chombo kiitwacho kmemleak, kinachopekua kumbukumbu na kutaja vipande visivyo na mwenyewe. Hata hivyo fundi asiwe na pupa. Akirudisha gunia ambalo bado lina pamba ya mtu, mashine yaweza kuanguka papo hapo.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kuzima na kuwasha ni kutuliza maumivu tu. Masahihisho ya mfumo yakija kwenye simu yako, usiyapuuze. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.