Maji Mekundu, Maji Meusi: Ardhi ya Meru na Fasihi Yake



Abiria apandaye daladala hapa Kijenge kwenda Ngarenaro hutamka Kimaasai pasipo kukusudia. *Engare* ni maji, *narok* ni nyeusi. Kiswahili kimelipokea jina hilo, kikalikata mkia, kikaendelea na safari. Ng'ambo ya Mlima Meru, upande wa kaskazini-mashariki, ipo Ngare Nanyuki, yaani maji mekundu. Huko wanaishi Wameru, ambao lugha yao ni ya Kibantu na ina udugu wa karibu na Kichagga. Kwa hiyo, hata kabla hatujafungua kitabu, majina ya mito yamekwisha kutudokeza ni akina nani waliopitia pale kunywesha mifugo.

Ninataka tuitazame Ngare Nanyuki hiyo. Mlima huu, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, hupata mvua nyingi upande wa kusini, ambako migomba na mibuni hustawi. Kaskazini ni kukavu. Tangu enzi ya Wajerumani, walowezi walitwaa ardhi chini ya migomba ya wenyeji, na watu walipoongezeka hawakuwa na pa kuteremkia. Nyika ya kaskazini ndiyo iliyobaki kwa ng'ombe wao. Mgeni angeiona kuwa pori tupu, tena lenye maji yenye floraidi nyingi inayotia meno rangi ya kahawia. Kwa Mmeru ilikuwa nusu ya uchumi wake.

Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 ili nafasi yao ichukuliwe na ranchi za Wazungu. Nyumba zilichomwa moto. Wameru hawakushika mikuki, walichanga fedha. Mwaka 1952 Kirilo Japhet na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, waliyafikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Hotuba hizo hazikuwarudishia ardhi. Hata hivyo, Julius Nyerere aliposimama mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955, njia hiyo ilikuwa imekwisha kukanyagwa na mtu wa Meru. Wanafunzi wetu wengi hulijua jina la Nyerere, na ni haki yake. La Japhet huwabidi waulize.

Sasa tuje kwenye maandishi. Mwaka 1967 Japhet na Seaton walichapisha *The Meru Land Case* mjini Nairobi. Mwaka 1974 Ismael Mbise alitoa riwaya yake, *Blood on Our Land*, kupitia Tanzania Publishing House. Vitabu vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyo baadhi yetu huviacha nje ya mihadhara ya Kiswahili. Mimi sikubaliani nao. Mgomba asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, mbuni ni wa Ethiopia, na mijakaranda inayopamba barabara za Arusha ilitoka Amerika ya Kusini. Sijapata kumsikia mkulima wa Meru akiukana mgomba kwa sababu ya uzao wake. Aliuatika, akaupalilia, ukawa wake. Riwaya ya Mbise nayo yastahili kuatikwa, ili mjukuu wa aliyechomewa nyumba aisome katika lugha anayoitumia shuleni na sokoni.

Kazi hiyo si nyepesi. Mfasiri atakutana mara moja na jina la mahali. Je, aandike Ngare Nanyuki, au Maji Mekundu? Akilifasiri, atakuwa amefuta alama ya Wamaasai katika historia ya nyika ile. Akiliacha kama lilivyo, msomaji wa Mtwara hataiona rangi ya yale maji. Ningekuwa mimi, ningeliacha, kisha mahali fulani mapema katika sura ya kwanza nimwachie mzee mmoja amweleze mtoto maana yake, wakiwa wananywesha ng'ombe.