MBONO: UTOMVU WAKE NA MBEGU ZAKE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama huko Lupaso)



Twapenda kunena juu ya mti usio mgeni kwa mtu wa Lupaso, Masasi wala Newala, nao ni mbono. Wengine huuita mbono kaburi, kwa kuwa mahali pengi hupandwa makaburini. Si mbarika. Asili yake ni Amerika, lakini wazee wetu waliuzoea hata wakaufanya ua, maana mbuzi hawauli.

Sifa yake twaijua tangu utoto. Mtu akijikata shambani, huvunja kikonyo cha jani, akadondosha utomvu juu ya jeraha, damu ikakoma. Jambo hili si uvumi. Mwaka 2003 wataalamu wa Nigeria waliupima utomvu huo, wakaona kuwa huharakisha damu kuganda. Lakini ukizimuliwa sana kwa maji hufanya kinyume, damu ikachelewa kuganda.

Sasa tuungame kosa letu. Sisi watu wa kalamu twawaambia watoto, "Mbono ni dawa," tukaishia hapo. Mtoto mmoja wa jirani yetu alishika neno hilo, akatafuna mbegu, kwani ladha yake ni kama ya karanga. Usiku kucha alitapika na kuhara, koo likimwaka moto. Aliponea hospitali kwa kutiwa maji mwilini, maana sumu ile haina dawa yake maalumu. Wala kukaanga mbegu hakuiondoi. Wazee walitufundisha utomvu, wakatukataza mbegu. Sisi tukarithisha nusu ya fundisho.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, utomvu usipite mkato mdogo, wala usiguse jicho. Pili, jeraha lenye kina, au lililoingia udongo, lioshwe kwa maji safi na sabuni, kisha mtu aende hospitali, kama Ndanda au Mkomaindo, akachomwe sindano ya kukinga pepopunda. Kazi hiyo utomvu hauiwezi. Tatu, kila mmoja wetu arudipo nyumbani leo awachukue watoto hadi uani, awaonyeshe mbegu kwa macho, awaambie: "Hizi haziliwi."