Kobe Wakubwa wa Visiwani na Samaki wa Ziwa Letu

Leo twataka kuwapa habari za kobe. Pengine mtu wa Liuli au wa Mbamba Bay atauliza, "Kobe wa bahari ya mbali watuhusu nini sisi wavuvi wa ziwa?" Twamwomba asikilize kwanza, kisha ahukumu.

Mashariki ya Bukini viko visiwa vitatu: Morisi, Reunion na Rodrigues. Hapo kale havikuwa na watu, na humo walikaa aina tano za kobe wakubwa wasiopatikana mahali pengine po pote. Mfaransa mmoja, François Leguat, aliyefika Rodrigues mwaka 1691, aliandika ya kuwa kobe walikuwa wengi hata mtu aliweza kwenda hatua mia na zaidi juu ya magamba yao, mguu usiguse chini. Hata kufika katikati ya karne ya 19, aina zote tano zilikuwa zimetoweka duniani.

Walikwishaje? Kobe huweza kukaa miezi bila chakula wala maji. Kwa hiyo mabaharia waliwapakia merikebuni wakiwa hai, wapate nyama safarini. Wengine walichinjwa kwa ajili ya mafuta tu. Nguruwe, paka na panya walioletwa na merikebu wakala mayai na watoto. Tena kobe hakui upesi kama kuku. Hupita miaka mingi kabla hajazaa. Basi waliochukuliwa wakazidi waliozaliwa. Hatudhani kwamba mabaharia wale walikusudia kuwamaliza. Kila mmoja alitwaa wa kwake, akaona wamebaki wengi. Twasema haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba na haba pia humaliza ghala.

Ndugu zao wa kisiwa cha Aldabra walisalimika. Mwaka 1874 Charles Darwin na wataalamu wenzake walimwandikia Gavana wa Morisi, wakamsihi awalinde. Leo wako yapata laki moja, kwa sababu ulinzi ulikuja mbegu ingali ipo.

Nchini mwetu pia wamo. Mwaka 1919 kobe wa Aldabra waliletwa kutoka Shelisheli hata kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja. Wakazaana, na mwaka 1955 walikuwa yapata 200. Kisha wezi wakawaiba ili kuwauza, hata mwaka 1996 wakabaki 7 tu. Ndipo wengine wakaletwa, na ua wa kuwalinda ukajengwa. Lakini angalieni: waliweza kuletwa kwa kuwa Aldabra wangaliko. Kobe wa Rodrigues hawana pa kuletwa kutoka.

Sasa twarudi kwetu. Ziwa Nyasa nalo ni kama kisiwa, ila ni kisiwa cha maji kilichozungukwa na nchi kavu. Samaki wake wengi hawapatikani katika ziwa jingine lo lote. Mbasa ni mmoja wao. Wakati wa mvua hupanda mito, kama Ruhuhu, ili atage juu ya changarawe. Mvuvi azibaye mdomo wa mto kwa wavu wakati huo hachukui samaki wa leo tu; achukua na wa miaka ijayo. Na mkulima alimaye hata ukingoni, tope likafunika changarawe, ni mwenzake, ingawa hana wavu.

Mfano mwema tunao milimani. Wamatengo huchimba ngoro ili mvua isichukue udongo. Hawakungoja mlima ubaki jiwe tupu ndipo watafute dawa.

Basi yatupasa kufanya hivyo na ziwa. Wazee wa vijiji na wavuvi na wapatane kuiacha midomo ya mito wazi wakati wa kutaga, na kuziacha nyavu za matundu madogo zikamatazo wachanga. Wakulima na waache miti na majani kando ya mito. Walimu na wawafundishe watoto habari za Rodrigues na za Changuu, wajue kwamba wingi wa leo si ahadi ya kesho. Mbasa angalipo, tumlinde sasa, kwa maana akiisha hapa, hakuna ziwa jingine la kumtoa.