Kijerumani si der, die, das peke yake

Kijana anapomwambia mzazi wake kwamba amechaguliwa kusoma Kijerumani chuo kikuu, swali la kwanza analoulizwa ni hili: "Utakula nini?" Mzazi ana haki ya kuuliza, maana ada inatoka mfukoni mwake. Kijana hujibu kwamba atatembeza watalii, au atakuwa mwalimu, au mkalimani, au atakwenda huko huko Ujerumani kuendelea na masomo. Majibu hayo si ya uongo. Lakini leo nataka tulitazame jambo hili kwa upande wake mwingine, kwa sababu naona tunakipima Kijerumani kwa kibaba kidogo mno.

Lugha hii inafundishwa katika vyuo vikuu kadhaa vya Afrika Mashariki, vikiwemo Makerere, Nairobi na Kenyatta. Mwanafunzi anayeanza hukutana na der, die na das, akalalamika kwamba kwa Wajerumani kijiko ni dume, uma ni jike, na kisu si dume wala jike. Nampa pole, lakini pole ya nusu. Mtu ambaye tangu utotoni anasema mti huu, kiti hiki na nyumba hii bila hata kufikiri, hana sababu ya kutishwa na makundi matatu. Sarufi ni kazi ya kukaa kitako. Kwa bidii ya miaka michache inashikika.

Kigumu ni kile ambacho hakimo katika majedwali ya sarufi. Chukueni neno "wewe". Kijerumani kina du na kina Sie. Kitabu kitasema du ni ya rafiki, ndugu na mtoto, na Sie ni ya heshima. Ni kweli. Lakini nani mwenye haki ya kuanza kusema du? Kwa desturi ni mkubwa anayemkaribisha mdogo. Na wapo watu wanaofanya kazi ofisi moja kwa miaka mingi wakiitana Bwana Fulani na Bibi Fulani, wala hawana ugomvi. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo na marahaba tunaelewa mara moja kwamba hapo tumekwisha kutoka katika sarufi, tumeingia katika jamii.

Au chukueni neno Gastarbeiter. Kamusi itasema ni mfanyakazi mgeni, basi. Lakini neno hilo lina historia. Ujerumani Magharibi ilipopungukiwa na wafanyakazi ilifanya mapatano na Italia mwaka 1955, na Uturuki mwaka 1961, ili ipate watu wa viwandani na migodini. Waliitwa wageni kwa sababu ilitazamiwa kwamba watafanya kazi kisha warudi kwao. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wale walipewa jembe siku ya kwanza, na siku ya tatu wakaulizwa wanaondoka lini. Wengi hawakuondoka. Walioa, wakazaa, wakazikana huko huko. Sheria ya kuwapa uraia wa kuzaliwa watoto wa wageni waliokaa muda mrefu ilianza kutumika mwaka 2000. Anayejua tafsiri ya neno hilo bila kujua habari hiyo, bado hajalijua.

Kuna na neno Wende, yaani mgeuko. Mjerumani akilitamka anakumbuka miezi ile ya 1989 na 1990, Ukuta wa Berlin ulipofunguka na nchi mbili zikaungana tarehe 3 Oktoba 1990. Kwa mmoja ni neno la furaha. Kwa mwingine, wa upande wa mashariki, ambaye kiwanda chake kilifungwa baada ya hapo, furaha hiyo imechanganyika na uchungu. Hayo hayasomwi katika kamusi.

Ndugu wasikilizaji, Wajerumani wenyewe walilijua jambo hili zamani, walipotaka kutujua sisi. Mwaka 1887 walifungua mjini Berlin chuo cha lugha za mashariki, Seminar für Orientalische Sprachen, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa hapo. Mwaka 1900 alikwenda kufundisha pale mtu wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli, alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Liangalieni jina hilo. Halikusema sarufi, lilisema desturi: uzazi, harusi, ngoma, safari na madeni. Maofisa waliojiandaa kuja kutawala huku walitakiwa wawajue watu, si maneno tu. Hawakufanya hivyo kwa mapenzi. Anayetaka kukutawala hukusoma kwanza. Lakini kama wao walitusoma hivyo, kwa nini sisi tuwasome nusu nusu?

Na haja tunayo. Utawala wa Wajerumani uling'olewa hapa katika Vita Kuu ya Kwanza, ukatuachia maneno kama shule na hela. Ukaacha na karatasi. Majalada ya serikali ile yamo katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na mengine yako Berlin. Mengi yameandikwa kwa mkono, kwa hati ya kale ambayo hata vijana wengi wa Kijerumani leo haiwasomeki. Ndani yake mna habari za mashamba, kodi, kesi na vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, zikisimuliwa na upande mmoja tu.

Mangi Meli alinyongwa Moshi mwaka 1900. Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906. Jamaa zao wamekuwa wakiulizia mafuvu ya wazee wao katika majumba ya makumbusho ya Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea akaomba msamaha. Msamaha ni hatua. Lakini ushahidi wa nani alichukuliwa wapi, na alipelekwa wapi, kama upo, umo katika madaftari yaliyoandikwa Kijerumani. Nani kati yetu atayafungua na kuyasoma mwenyewe? Na akiyasoma, atajua mwandishi alikuwa mtu wa namna gani, wa tabaka gani, na aliogopa kumwandikia nini mkubwa wake?

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu wa Kijerumani wasiache somo la jamii likawa la vyakula na sikukuu. Waingize historia, magazeti, mabishano ya Wajerumani wao kwa wao, na angalau muhula mmoja wa kusoma hati ile ya kale. Nawaomba wanafunzi wasiridhike na cheti cha kupatia viza. Na wazazi nawaambia hivi: kazi ya kutembeza watalii ni kazi ya heshima, mwacheni kijana aifanye. Lakini mwenye kusomewa barua yake na jirani huambiwa kile tu ambacho jirani amependa kumwambia. Barua zetu ziko kabatini tangu zaidi ya miaka mia moja. Tuwasomeshe vijana wazisome.