Uchaguzi wa Chombo cha Kubebea Mazao katika Mashamba ya Milimani: Hali ya Same na Upare wa Kusini, kwa Kuzingatia Zaidi Breki

Chombo cha kazi katika shamba la mlimani ni chombo chochote chenye injini kinachoweza kufika ukingoni mwa shamba kwa njia ya udongo, kupakia mazao na kuyafikisha sokoni au ghalani. Wilayani Same kazi hiyo hufanywa na pikipiki, guta la magurudumu matatu, powatila yenye tela, kirikuu, na pikapu kubwa yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne. Pikipiki ya magurudumu manne, iliyozoeleka katika mashamba ya New Zealand na Australia, ni nadra, lakini inajadiliwa hapa kwa kuwa wanunuzi huvutiwa na picha zake. Ukali wa mteremko hutajwa kwa asilimia: njia ya asilimia 20 hupanda mita 20 katika kila mita 100 za mlalo. Fasili hizi zinafahamika, na hazihitaji kurefushwa.

Mji wa Same upo chini, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha. Nyuma yake milima ya Upare wa Kusini inainuka ghafla hadi kilele cha Shengena, mita 2,462, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome. Vijiji vya Suji, Vudee, Mbaga, Vunta na Mamba Miamba vinalima tangawizi, maharage, ndizi, kahawa na mbogamboga, huku masoko, maghala na barabara zinazopitika mwaka mzima zikiwa tambarare. Mashamba yenyewe ni madogo na yamekatwa vipande. Familia moja huweza kuwa na kipande juu mlimani na kingine bondeni. Mvua za masika na vuli hugeuza udongo mwekundu kuwa utelezi, na mifereji ya asili inayotoka kwenye ndiva, yaani mabwawa ya jadi ya kumwagilia, hukatiza njia nyingi. Ubovu wa ardhi hiyo hauna haja ya kuthibitishwa: Novemba 2009 maporomoko ya udongo huko Mamba Miamba yaliua watu zaidi ya 20.

Katika mazingira hayo mnunuzi kwa kawaida humuuliza muuzaji mambo mawili: chombo kina sisi ngapi (ujazo wa injini), na kinapandaje mlima. Maswali hayo si mabaya, ila yanaangalia upande usio na mzigo. Kinachopanda kwenda Vunta au Mbaga ni dereva, mfuko mmoja au miwili ya mbolea na bidhaa za duka. Kinachoshuka ni magunia ya tangawizi. Injini dhaifu ikishindwa, chombo husimama njiani na abiria hushuka kusukuma. Breki dhaifu zikishindwa, hakuna wa kushuka.

Hesabu yake ni fupi. Guta ambalo pamoja na mzigo lina uzito wa kilo 1,000, likishuka mita 700 za kimo, hutoa nishati ya takriban megajuli 6.9. Joto hilo lingeweza kuchemsha ndoo ya lita 20 za maji. Ikiwa injini haizuii chochote, karibu joto lote hilo huingia kwenye breki. Breki za ngoma, ambazo ndizo nyingi katika guta na pikipiki za bei nafuu, zimefungwa ndani na hupoa polepole. Zikipata moto, msuguano hupungua. Dereva hukanyaga kwa nguvu zaidi na kupata kidogo zaidi. Katika chombo chenye mafuta ya breki kuna hatari ya pili. Mafuta hayo hunyonya unyevu kadiri muda unavyopita, na kiwango chake cha kuchemka hushuka: aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na pedali huzama hadi sakafuni. Chombo kilichokaguliwa asubuhi kikiwa baridi kinaweza kuonekana kizima kabisa na kikashindwa kwenye kona ya kumi.

Kinga ni kushuka kwa gia. Gia ile ile ambayo chombo kingehitaji kupandia, au iliyo chini yake, ndiyo ya kushukia, na inaingizwa kabla mteremko haujaanza. Hili limefundishwa kwa madereva mara nyingi kiasi cha kuchosha. Mafunzo yakiisha, pikipiki bado zinateremka kimya, injini zimezimwa ili kuokoa petroli. Hoja ya kuokoa mafuta ina ukweli kiasi kwa injini ya kabureta. Kwa injini ya kisasa inayopulizia mafuta kwa kompyuta haina uzito: ikishuka kwenye gia bila kukanyagwa mafuta, hukata petroli yenyewe. Kwa gari, kuzima injini kunaondoa pia msaada wa breki, na usukani unaweza kujifunga. Kinachookolewa kwa wiki hakifikii bei ya seti moja ya pedi, sembuse bei ya mguu uliovunjika. Ni haki kuongeza kwamba kosa si la dereva peke yake, kwa maana anayelipwa kwa safari huku akinunua petroli mwenyewe amewekewa sababu ya kuzima injini na mwenye chombo.

Kwa kipimo hicho cha kushuka salama na mzigo, vyombo hupangika tofauti na vinavyopangwa dukani. Pikipiki ni nafuu, spea zake zipo kila senta, na hupita penye uchochoro. Inafaa kwa gunia moja, si mawili. Guta hubeba zaidi kwa bei ndogo, na tambarare ya Ndungu na Kihurio ni mahali pake. Mlimani lina kasoro ya umbo: likiinamia mteremko, uzito husogea mbele kwenye gurudumu moja, na upana unaolizuia lisipinduke hupungua hasa pale linapokata kona. Marekani ilipata funzo kama hilo mapema; uuzaji wa pikipiki mpya za mashambani za magurudumu matatu ulikomeshwa huko mwaka 1988 kwa sababu ya ajali.

Pikipiki za magurudumu manne zilizozirithi hizo nazo hupinduka. Ndiyo maana Australia tangu Oktoba 2021 inataka kila mpya iwe na kifaa cha kumkinga dereva inapopinduka. Rafu zake hazikukusudiwa kubeba magunia, baadhi huendeshwa kwa mkanda usiozuia mwendo vizuri kwenye mteremko, na ikiharibika Mwembe au Myamba, spea itasubiriwa kwa muda mrefu. Kwa mkulima mdogo wa Same haipendekezwi kwa sasa.

Powatila inahitaji onyo la pekee. Ilisambazwa sana nchini wakati wa kampeni ya Kilimo Kwanza, na huvuta tela vizuri penye usawa. Kwenye mteremko mkali, klachi zake za kukatia kona hufanya kinyume: dereva akibana klachi ya kushoto ili aende kushoto, gurudumu la kushoto lililokosa kizuizi cha injini hukimbia, na mashine hugeukia kulia. Mwanafunzi anayejifunzia tambarare hatalijua hilo hadi siku ya kwanza mlimani. Tela lisilo na breki zake lenyewe lisishushwe kabisa.

Kirikuu, yaani gari dogo la mizigo la Kijapani kama Suzuki Carry, ndilo lenye uwiano bora kwa njia nyingi zinazopitika kwa gari. Sheria ya Japani huliwekea mipaka: injini isiyozidi sisi 660, upana wa mita 1.48, mzigo wa kilo 350. Wembamba huo ni faida kwenye njia zilizochongwa ubavuni mwa mlima, na lina magurudumu manne ya kulisimamisha. Liwe lile linaloendesha magurudumu yote manne na lenye gia nzito ya mlima. Lenye gia za otomatiki liachwe. Shida ni kwamba wengi hulipakia mara mbili au tatu ya kilo hizo, na hapo sifa zake zote zinafutika. Pikapu kubwa ya aina ya Land Cruiser ina nguvu na breki za kazi hiyo, lakini gharama yake haibebwi na shamba la ekari mbili. Ni chombo cha chama cha ushirika au cha mfanyabiashara.

Inapendekezwa kwamba mnunuzi aanze kwa kupima njia yake, si kwa kutembelea duka: mteremko mkali kuliko yote, upana mahali pembamba zaidi, na mifereji inayovukwa. Chombo kijaribiwe kikishuka, kikiwa na mzigo kamili, kabla ya malipo ya mwisho. Muuzaji akikataa jaribio hilo, jibu limeshapatikana.

Mafuta ya breki yabadilishwe angalau kila miaka miwili, na ngoma zifunguliwe kabla ya kila msimu wa tangawizi. Vyama vya msingi vinavyomiliki chombo kwa pamoja vimteue mtu mmoja kwa jina mwenye mamlaka ya kukizuia kisitoke, kwa kuwa chombo cha wote hukaguliwa na wachache. Kilo zinazoruhusiwa ziandikwe ubavuni kwa rangi. Petroli ilipiwe na mwenye chombo, ili dereva asipate faida kwa kuzima injini. Mafunzo yafanyike kwenye mteremko halisi, na kwa powatila yafanyike huko tu.

Halmashauri na TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), kwa kadiri bajeti itakavyoruhusu, wafikirie kuweka vibao vya kuamuru gia ya chini mwanzoni mwa miteremko mirefu, pamoja na sehemu pana za kupozea breki katikati ya safari. Kushuka kwa gia kusisitizwe tena katika leseni na vyama vya bodaboda. Na pale ambapo njia haipitiki kwa chombo chochote kati ya vilivyotajwa, mazao yaendelee kushushwa kwa punda hadi penye barabara, bila aibu yoyote.