Miaka miwili Leipzig: jikoni, kwa jirani, na kwenye kundi letu la WhatsApp

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa kata yetu. Wengi mliomba niyaandike, nami nimeyaacha karibu kabisa na nilivyoyasema.)



Nimepewa dakika kumi na tano nizungumzie maisha ya mwanafunzi ughaibuni. Najua mnachotaka. Wapo wanaotaka kujua skolashipu inapatikanaje, hao tuonane baada ya kikao, nina karatasi mbili tatu. Wapo wanaotaka kujua kama theluji ni kama ile ya kwenye sinema. Siku ya kwanza ndiyo, siku ya tatu ni tope jeusi. Mimi leo nitaongelea watu. Niliishi na nani, nilikula na nani, nilimwogopa nani.

Nilifika Leipzig mwanzoni mwa Oktoba 2022. Ni mji wa mashariki ya Ujerumani, ulikuwa upande wa ile Ujerumani ya kikomunisti mpaka nchi mbili zilipoungana mwaka 1990. Bwenini nilikosa nafasi, nikapata chumba kwenye nyumba ya kupanga ya watu wanne. Kila mtu na chumba chake, jiko na bafu vya wote. Wenyewe wanaiita WG, unatamka "vege". Tulikuwa mimi, binti wa Kijerumani anayesomea ualimu, jamaa wa Kijerumani anayesomea muziki, na kijana wa Syria aliyeingia Ujerumani kama mkimbizi mwaka 2015.

Friji imebandikwa ratiba ya usafi. Takataka zina mapipa manne: karatasi la bluu, vifungashio la njano, maganda na mabaki ya chakula la kahawia, zilizobaki jeusi. Wiki ya kwanza nilitupa chupa tupu ya maji, yule binti akaitoa kwenye pipa akanionyesha alama yake. Hiyo ni senti 25, unairudisha dukani mashine inakupa risiti ya hela yako. Basi nikawa mkusanyaji mkuu wa chupa wa nyumba nzima. Jumapili maduka yamefungwa, ukiishiwa chumvi imekula kwako.

Kilichonisumbua zaidi mwanzoni ni kalenda. Nilimwambia mwenzangu wa darasani, twende tukanywe kahawa. Akatoa simu, akaipekua, akaniambia Alhamisi ya wiki ijayo, saa tisa na nusu. Nikajua ananikwepa kistaarabu. Jamani, Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tisa na nusu kamili, alikuwa amesimama mlangoni kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nimesahau.

Sasa nije kwenye baridi. Ule msimu wa 2022 vita ya Ukraine ilikuwa imepandisha bei ya gesi. Serikali yao ilielekeza ofisi za majengo ya umma zisipashwe joto kupita nyuzi 19. Nyumbani kwetu kukaitishwa kikao jikoni, ajenda moja, hita. Binti akapendekeza nyuzi 18 mchana, usiku tuzime. Yule wa muziki akapinga, vidole vinaganda hawezi kufanya mazoezi ya piano. Wakabishana kwa sauti ya juu mpaka nikaanza kuangalia mlango uko wapi. Halafu wakanigeukia: wewe je? Nikajibu, "Sawa tu, nyinyi mnavyoona." Msyria naye akasema sawa. Ikapita. Dakika tano baadaye wale waliokuwa wanafokeana wanakatakata vitunguu pamoja na kucheka.

Nililala na koti wiki tatu. Asubuhi moja binti alinikuta jikoni nina soksi mbili mbili, kofia kichwani, nakohoa. Akauliza kulikoni. Nikamwambia naona baridi, tangu siku ile ya kikao. Alikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya kweli. Akaniambia, "Tulikuuliza. Ukasema sawa. Ulitudanganya."

Neno hilo lilinikaa. Kwangu mimi ilikuwa heshima, mgeni hampangii mwenye nyumba. Kwake ilikuwa uongo, tena uongo uliomfanya yeye awe mtu mbaya bila kujijua. Nikajiuliza, hii ni heshima kweli au ni mazoea? Maana hapa nyumbani nilikuwa tayari na kadi ya chama chetu, mabomu ya machozi nimeshayakimbia, lakini mezani na watu wanne nilishindwa kusema naona baridi. Kikao kilichofuata nilinyoosha mkono nikasema nataka nyuzi 20. Nilitetemeka kama niko kizimbani. Msyria, kumbe naye alikuwa anaganda kimya kimya, akaniunga mkono. Kura mbili kwa mbili. Tukakubaliana 19. Msicheke, huo ndio ushindi wangu wa kwanza wa kisiasa, nyuzi joto moja.

Chini yetu aliishi bibi mmoja wa miaka sabini na kitu. Kule mzigo wa posta ukija na wewe haupo, jirani anaupokea. Nilipokea wake, akaja kuuchukua, akanialika kahawa na keki. Mimi nimekulia kwenye shikamoo, nikawa namtafutia shikamoo yake kwa Kijerumani, hakuna. Ila wanazo "wewe" mbili, ya heshima na ya watu wa karibu, na mkubwa ndiye anayekuruhusu kuvuka. Aliniruhusu baada ya miezi mitano. Aliinua kikombe, akanitajia jina lake la kwanza, na kuanzia hapo akaanza kunisimulia mambo.

Mwaka 1989 alikuwa muuguzi. Pale Leipzig watu walikuwa wanakutana kila Jumatatu kwenye sala ya amani, kanisa la Nikolai, halafu wanatoka kuandamana. Tarehe 9 Oktoba mji mzima ulikuwa na uvumi kwamba hospitali zimeongezewa damu, kwamba leo watapiga risasi. Alimpeleka mtoto kwa mama yake, akaenda. Walikuwa watu kama 70,000 kwenye barabara ya mzunguko. Risasi haikupigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Kila mwaka tarehe hiyo wanakumbuka kwa mishumaa.

Nilitegemea hadithi iishie hapo, kwenye ushindi. Yeye kwake hapo ndipo inapoanza. Baadaye sheria ilipitishwa kwamba mwananchi ana haki ya kusoma faili ambalo usalama wa taifa wa zamani, Stasi, walimwandikia. Akaomba lake. Humo akakuta taarifa za mtu aliyekuwa anakuja kwake kunywa kahawa. Jina ni la kificho, lakini kwa mambo yaliyoandikwa alimjua, rafiki yake wa miaka mingi. "Aliandika mpaka keki niliyopika," aliniambia. Siasa zilizoandikwa mle hazikumuumiza kama ile keki.

Nikamwuliza kama waliwahi kuongea tena. Akasema walikutana siku moja kwenye duka la mikate. Yule akamsalimia, yeye akaitikia.

"Basi?"

"Basi. Lakini mimi angalau nilijua."

Makamanda, hilo neno "angalau" nitalirudia.

Watanzania wa Leipzig na miji ya jirani tulikuwa na kundi la WhatsApp, hatufiki arobaini. Tunakutana Desemba 9 na sikukuu, pilau, ugali wa unga kutoka maduka ya wageni pale Eisenbahnstraße, watoto wanacheza singeli na Kiswahili chao cha Kijerumani. Hakuna aliyeulizwa chama. Mwenye kadi ya kijani alinifundisha kuendesha baiskeli kwenye barafu, na nilianguka mbele yake mara zisizohesabika. Kwenye tramu iliyojaa kiti cha pembeni yangu ndicho kinachokaliwa mwisho, na usiku mmoja vijana walinitukana mpaka nikavuka barabara. Siku kama hizo unaenda wapi? Unaenda kwa Watanzania wenzako.

Katikati ya 2023 kijana mwenzetu mmoja alikamatwa huku nyumbani. Nikaandika kwenye kundi, mistari sita hivi, kwa uchungu. Sikumtukana mtu. Siku ya nne baba mdogo akanipigia, na si mtu wa kupiga simu ovyo. Ni mtumishi wa umma. Alikuwa ameitwa na mkubwa wake, akaonyeshwa mistari yangu sita kwenye simu, na picha yangu ya wasifu pembeni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nina miaka miwili nistaafu."

Nikahesabu majina kwenye kundi. Mmoja wa hao. Nani? Nikamshuku yule wa baiskeli, kwa sababu ya kadi yake, na kwa sababu kesho yake alikuwa ameniuliza, "Vipi, yale uliandika kwa hasira?" Ushahidi wangu wote ndio huo. Nikatoka kwenye kundi. Desemba 9 sikwenda, nikaambiwa wengi hawakwenda. Wengine walikuwa wananishuku mimi kwamba nitawaletea matatizo, na sikuwalaumu. Hakuna aliyepigana na mtu. Pilau tu ndiyo iliisha.

Februari 2024, saa tisa usiku, nikapigiwa kwamba mzee wangu amefariki. Familia ikasema watasubiri mazishi siku tatu. Sikuwa na nauli. Asubuhi nikajikuta nimerudishwa kwenye lile kundi, na orodha ya michango imeshafika namba kumi na tisa. Kabla ya jioni tiketi ilikuwa imekatwa, kutoka Frankfurt. Na aliyekuja kunichukua na gari yake, karibu kilomita mia nne usiku kwenye barafu, ni yeye. Alikuja na chai kwenye chupa. Hatukuongea sana. Pale uwanja wa ndege akanipa bahasha ya mama, akanishika bega.

Niambieni, huyo ni mtu wa kuchukua mistari ya mwenzake akaipeleka? Inawezekana. Rafiki wa bibi jirani naye alikuwa anakula keki kwa furaha. Inawezekana pia nimemdhulumu mtu mwema kichwani mwangu kwa miezi minane. Bibi jirani ana faili lake, amelisoma. Mimi na nyinyi tunasoma sura za watu.

Niongeze moja tu kabla sijamaliza, maana najua mtaniuliza. Septemba 1, 2024, wiki chache kabla ya kurudi, kulikuwa na uchaguzi wa jimbo la Saxony. Saa kumi na mbili jioni vituo vilipofungwa, binti wa nyumbani akaniambia twende tukaangalie wanavyohesabu. Mimi? Mgeni? Akasema kuhesabu ni mbele ya watu, yeyote anaingia. Tukaingia. Hakuna aliyeniuliza kitambulisho. Kura zikamwagwa mezani, zikapangwa mafungu, zikasomwa. Chama kinachotaka watu kama mimi wapungue kilipata zaidi ya asilimia 30 jimboni, na niliona fungu lao likipanda pale pale mbele ya macho yangu. Nilitoka na huzuni kubwa. Ila nilikuwa nimeruhusiwa kusimama na kuliona, na wale "mabeberu" waliokuwa wanahesabu walikuwa wanakula biskuti, hawana hofu na mtu yeyote.

Nimerudi. Baba mdogo amestaafu salama, na mpaka leo tukikutana tunaongelea mpira tu.

Na yule bwana naye amerudi, ana duka la vipuri Kariakoo. Tulikutana wiki tatu zilizopita njiani. Yeye ndiye aliyeanza, "Vipi, umerudi lini?" Akanivuta tukanywa chai ya maziwa na sambusa, akalipa. Tukaongelea baridi, tukamwongelea mtoto wake ambaye bado anaomba mkate mweusi. Akaniuliza kama ile baiskeli niliiuza. Swali langu lilikuwa mdomoni muda wote. Nilinyamaza, kama siku ya hita. Akasema Jumamosi yupo dukani, nipite.

Jumamosi iliyofuata sikupita, na hii iliyopita sikupita. Kesho ni Jumamosi.

Hayo ndiyo yangu, Mwenyekiti. Maswali nitajibu, ya skolashipu mwisho.