Barua za Kilwa na Misukosuko ya Dunia: Kiswahili Mwanzoni mwa Karne ya 18

Vitabu vya historia ya dunia huuelezea mwanzo wa karne ya 18 kwa vita, mikataba na vifo vya wafalme. Mwaka 1703 Ureno iliungana na Uingereza katika Vita vya Urithi wa Hispania. Mwaka 1707 alifariki Aurangzeb, na dola ya Mughal huko Bara Hindi ikaanza kumeguka. Mwaka 1722 Isfahan, mji mkuu wa Uajemi, ulitekwa na Waafghani. Katika orodha ya namna hii, pwani ya Afrika Mashariki hutajwa kwa nadra. Hata hivyo, maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana ni zao la kipindi hicho hicho, na hayaeleweki vema yakitengwa na misukosuko yake.

Chanzo cha karibu ni ushindani wa Oman na Ureno. Desemba 1698, baada ya mazingiwa yaliyoanza Machi 1696, Ngome ya Yesu ya Mombasa iliangukia mikononi mwa Waomani. Wareno walibakiwa na Msumbiji upande wa kusini, na Goa, makao makuu ya himaya yao katika Bahari ya Hindi. Watawala wa miji ya pwani walijikuta baina ya madola mawili, na kalamu ikawa silaha yao mojawapo. Mwaka 1711 ziliandikwa Kilwa, kwa hati za Kiarabu, barua zilizopelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Barua hizo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Kihistoria za Goa.

Mahali zilipohifadhiwa panastahili kutafakariwa. Barua hizi hazikusalia kwa kuwa zilikuwa za kwanza kuandikwa, bali kwa kuwa ziliangukia katika mikono ya dola iliyokuwa na desturi ya kutunza nyaraka zake. Karatasi zilizobaki majumbani pwani zilikabiliwa na unyevu, mchwa na vita. Kwa hiyo mwaka 1711 ni mwaka wa ushahidi. Haufai kuchukuliwa kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa uandishi wa Kiswahili.

Misukosuko haikukoma hapo. Oman ilipogawanyika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe katika miaka ya 1720, ulinzi wake pwani ulilegea. Machi 1728 Wareno walirejea Mombasa, lakini mwishoni mwa mwaka 1729 walifukuzwa tena, na wenyeji ndio waliowaondoa. Katika mwaka huo huo wa 1728 ndipo wataalamu wengi huuweka Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani. Utendi huo, wenye beti zaidi ya 1,100, unasimulia vita vya Waislamu na dola ya Rumi ya Mashariki. Utungo wa urefu huo, wenye vina na mizani iliyokwisha kukomaa, hauwezi kuwa jaribio la kwanza la jamii yoyote. Nao unathibitisha kwamba barua za Kilwa zilitoka katika utamaduni wa maandishi uliokwisha kujengeka.

Somo kwa wanaisimu ni dhahiri. Hati za Kiarabu zina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Tena katika umbo lake la asili hazina herufi za sauti kama p, v na ch. Msomaji hulazimika kuamua kwa muktadha, na muktadha wa barua ya kidiplomasia ni siasa ya siku zake. Asiyejua nani alikuwa akimwogopa nani mwaka 1711 anaweza kulisoma neno vibaya, kisha akaijengea kosa hilo nadharia ya sauti au ya lahaja.

Kwa sababu hiyo, ufundishaji wa hati za Kiarabu katika idara za Kiswahili si pambo la mtaala. Mwanafunzi asiyezifahamu hutegemea macho ya wengine katika kuisoma kumbukumbu ya lugha yake. Na mwenye kutegemea macho ya mwenziwe huona kile tu alichoamua kuonyeshwa.